Mrejesho: Kiswahili cha "destruction"

Ahsanteni wakubwa kwa wadogo. Niliomba neno moja la "destruction" kwa maelezo ya kutembezea wageni Mji wa Kale, Mombasa, maana "uharibifu" ulikuwa haukai. Basi nimeacha kusaka neno moja. Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida walipoutia mji moto, nimeandika "waliuteketeza", kwa kuwa kuteketea kuna moto ndani yake. Nyumba nimezipa kubomolewa, watu kuangamizwa. "Uharibifu" nimeuachia mikoko inayokatwa kule Tudor, mkono wa bahari hapo Mombasa, na hapo umekaa barabara. "Hilaki", yaani maangamizi, aliyoipendekeza mzee wetu mmoja hapa nilipouliza, ni tamu kweli, lakini wageni wa bara wangenisimamisha njiani kuuliza. Kazi imeshapokelewa, malipo ndiyo bado.