Mbao za plastiki na usumba zinageuka nyeusi mashineni, nisaidieni

Fundi_Makumbi (Malindi): Salaam wanajamvi. Nasaga mitungi ya mafuta ya kupikia, nachanganya na usumba uliosagwa (nyuzi za makumbi ya nazi), napitisha kwenye mashine ya skrubu nipate mbao za viti vya bustani. Asubuhi zatoka rangi ya chai ya maziwa. Saa nane mchana ni kahawa tungu, zanuka sukari iliyoungua, na ukizikata ndani zina vitundu. Mteja aliagiza viti 12 vya rangi moja, 5 amenirudishia. Joto nimeweka digrii 215.

Sabaki77: Unachoma usumba, ndugu yangu. Plastiki ya mitungi huyeyuka kwenye 130 hivi. Nyuzi za mimea zikikaribia 200 zaanza kuungua. Shusha hadi 175.

Fundi_Makumbi: Nilijaribu 180, mashine ikakwama. Nzito kama sima.

BintiKarakana: Lazima ikwame, kaka. Mitungi ni plastiki ya kupulizwa, haitiririki upesi, na msuguano wa skrubu waongeza joto lake, kwa hiyo ndani huenda ni zaidi ya hiyo 215. Changanya na vifuniko vya chupa za soda, plastiki yake jamaa moja lakini nyepesi kutiririka. Chupa zenyewe usitie! Zataka 250 na zaidi, usumba utakuwa makaa. Mchana mwaenda kula?

Fundi_Makumbi: Saa saba, swala na chakula. Mashine naiacha ikiwaka.

BintiKarakana: Ndiyo hiyo kahawa yako! Mchanganyiko wapikwa bombani saa nzima. Kabla ya kutoka pitisha plastiki tupu mpaka itoke safi, kisha zima.

Nahodha_Mstaafu (Lamu): Vitundu ni maji, mwanangu. Makumbi yaliyofukiwa kwenye matope ya bahari yana chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata ukianika siku nzima. Osha kwa maji matamu, kausha, tumia siku hiyo hiyo. Usiloweke kwenye pipa la chuma, kutu na utomvu wa makumbi hutoa weusi kabla ya moto wowote. Rangi ikikushinda kabisa, fanya kama Flipflopi letu, lile jahazi la plastiki chakavu, vika ndara. Lilifika Zanzibar 2019 hivyo hivyo.

Fundi_Makumbi: 😂 Shikamoo mzee. Mrejesho: vifuniko robo, joto 175, usumba nimeuosha. Za saa nane zimefanana na za asubuhi, ila kuna vidoa vyeusi kimoja kimoja.

Sabaki77: Mabaki ya zamani hayo. Fungua skrubu uikwangue.