Ulinganisho: kumlipa muuzaji wa nchi nyingine ya Ulaya baada ya kushinda mnada wa mtandaoni

Bahasha_ya_Kale (Leipzig)

Ndugu wanajukwaa, ninakusanya stempu na kadi za posta za Afrika Mashariki za kabla ya mwaka 1920, na kwa kuwa minada ya Ujerumani peke yake haitoshelezi, mara nyingi hujikuta nikipandisha dau kwa wauzaji walio nje. Sasa nimeshinda vitu vitatu kwa wauzaji watatu wa nchi tatu, katika tovuti ambayo huwaachia mnunuzi na muuzaji wapatane wenyewe juu ya malipo. Wa kwanza yuko Utrecht, Uholanzi. Ameniuzia stempu za Deutsch-Ostafrika (koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki) za toleo la mwaka 1901, zile zenye picha ya meli Hohenzollern, kwa yuro 38, naye anataka hawala ya benki. Wa pili yuko Uingereza, na stempu yake ina chapa ya kisiwa cha Mafia ya mwaka 1915. Bei ni pauni 240, na ameniahidi punguzo la pauni 10 iwapo nitamlipa kwa PayPal kupitia kile kipengele cha kuwatumia fedha marafiki na familia. Wa tatu yuko Aarhus, Denmark, ana kadi za posta za Zanzibar za krona 450, na anataka krona hizo ziingie katika akaunti yake ya benki.

Naomba tulinganishe njia hizi kwa gharama na muda, lakini zaidi kwa swali hili: kitu kisipofika, au kikifika kikagundulika kuwa cha kughushi, fedha itarudi kwa njia gani?

Mtepe (Rotterdam)

Mkuu, tuanze na wa Utrecht kwa sababu ndiye mwepesi. Ujerumani na Uholanzi zote zinatumia yuro na zote zimo katika SEPA, mfumo wa Ulaya wa kulipana kwa yuro ambao hawala zake zilianza Januari 2008, na sheria ya Umoja wa Ulaya inaikataza benki kukutoza zaidi kwa hawala ya yuro inayovuka mpaka kuliko inavyokutoza kwa hawala ya ndani ya nchi. Kama kumtumia jirani yako wa Leipzig ni bure, basi kumtumia mtu wa Utrecht nako ni bure. Unachohitaji ni jina lake na IBAN, yaani namba ya kimataifa ya akaunti yake, ambayo kwa Uholanzi ina herufi na tarakimu 18 badala ya 22 ulizozoea huko kwenu.

Tangu tarehe 9 Oktoba 2025 benki za nchi za yuro zinalazimika pia kukuwezesha kutuma malipo ya papo hapo, yanayofika ndani ya sekunde 10 kwa gharama isiyozidi ya hawala ya kawaida, na kabla hujaidhinisha zinapaswa kukuonyesha kama jina uliloandika linalingana na la mwenye akaunti. Mimi naupenda ukaguzi huo wa jina kuliko kasi yenyewe, kwa sababu mtu anayejiita kwa jina moja mnadani huku akaunti yake ikiwa ya mwingine hujulikana kabla fedha haijatoka. Hata hivyo, fedha ikishatoka imetoka. Benki yako inaweza kuandika ombi la kurejeshewa, lakini aliyepokea asiporidhia huna njia nyepesi ya kuirudisha, na wala hakuna mtu wa kati anayeishikilia mpaka kifurushi kifike. Kwa yuro 38, kwa muuzaji mwenye sifa nzuri ya miaka mingi, mimi ningelipa kwa benki bila kusita.

Kaskazi (Manchester)

Huyo wa Uingereza ndiye wa kuangaliwa kwa makini. Punguzo la pauni 10 analokupa ni bei anayoinunulia haki yako. Malipo ya PayPal ya bidhaa hukupa siku 180 za kufungua dai iwapo kitu hakikufika au hakilingani na maelezo, ilhali malipo ya marafiki na familia hayana kinga hiyo hata kidogo, na kampuni yenyewe imekataza yasitumiwe kununulia bidhaa. Ninaelewa kwa nini wauzaji wanayapenda, kwani ada ya malipo ya bidhaa hulipwa na muuzaji, lakini mtu wa mauzo alitakiwa kuiingiza ada hiyo katika hesabu zake tangu mwanzo.

Akikuomba hawala ya benki badala yake, ujue mambo mawili. Kwanza, Uingereza imebaki ndani ya SEPA hata baada ya kutoka Umoja wa Ulaya, lakini ile sheria ya kusawazisha ada aliyoieleza ndugu Mtepe haiilindi tena hawala inayokuja huku, hivyo benki yako inaweza kukutoza. Pauni zenyewe hazipiti SEPA kabisa. Pili, usidanganywe na habari kwamba Uingereza hurejesha fedha za waliotapeliwa kwa hawala za benki. Utaratibu huo, ulioanza tarehe 7 Oktoba 2024 na wenye kikomo cha pauni 85,000, unahusu malipo yanayofanyika ndani ya Uingereza tu, wala haumgusi anayetuma kutoka Leipzig.

Mama_Riziki (Liège)

Ndugu zangu, mnaongea juu ya kifurushi kisichofika, lakini katika stempu hatari iliyo kubwa ni kifurushi kinachofika. Chapa za Mafia zimeghushiwa sana, kwa sababu stempu ya kawaida ya bei ndogo hugeuka kuwa ya mamia kwa kugongwa mhuri wa uongo juu yake. Wewe kwa macho hutaijua. Itabidi uipeleke kwa mtaalamu anayetambulika, kwa mfano mmoja wa wakaguzi wa Bund Philatelistischer Prüfer, chama cha wakaguzi wa stempu huko Ujerumani, au kamati ya wataalamu ya Royal Philatelic Society London, na cheti hakitoki kwa siku mbili. Huchukua wiki nyingi, na pengine miezi.

Kwa hiyo mimi hulinganisha njia za malipo kwa kuanza na urefu wa muda wa kudai. Dhamana ya eBay ya kumrudishia mnunuzi fedha hukupa siku 30 baada ya kitu kufika, muda unaomtosha aliyepokea kamera iliyovunjika, lakini haumtoshi anayesubiri cheti. Catawiki, tovuti ya minada ya Uholanzi, huishikilia fedha yako na kumlipa muuzaji baada ya wewe kupokea, jambo zuri sana kwa kitu kisichofika, ila nako muda wa kulalamika ni mfupi na mnunuzi huongezewa ada juu ya bei ya mnada. Siku 180 za PayPal ndizo zinazokaribia mwendo wa wataalamu. Kadi ya Visa au Mastercard nayo ina utaratibu wa kupinga malipo kupitia benki iliyoitoa, kwa kawaida ndani ya siku 120, mradi utoe ushahidi ulioandikwa.

Na hata hiyo PayPal usiiamini kwa macho yaliyofumbwa. Ukidai kwamba kitu ni bandia unaweza kuombwa hati ya mtaalamu, kisha utatakiwa kukirudisha kwa gharama ambazo mara nyingine ni zako. Ndiyo maana ninakushauri umwandikie muuzaji kabla ya kulipa, umwombe akubali kwa maandishi kwamba atairudisha fedha yote iwapo cheti kitakataa chapa hiyo, na mpatane juu ya muda. Nyumba za mnada wa stempu zinalifahamu ombi hili, na nyingi zina kifungu chake katika masharti. Muuzaji binafsi akilikataa, bora umwachie stempu yake, hata kama kujitoa baada ya kushinda kutakuchafulia sifa kidogo.

Mtepe (Rotterdam)

Dada Riziki, ninakubali kwa stempu ya Mafia, ila sipendi watu waondoke hapa wakidhani kila kitu kipitishwe PayPal. Kwa vitu vya yuro 10 au 15, ada ya muuzaji hula sehemu kubwa ya faida yake, naye huirudisha kwa mnunuzi kwa kupandisha gharama ya posta. Nimeona stempu ya yuro 6 ikidaiwa posta ya yuro 9.

Mama_Riziki (Liège)

Hapo hatupingani, kaka. Kwa vitu vidogo nami hutumia benki, hasa kwa wauzaji niliokwisha kununua kwao. Jambo moja tu la kuongeza: mtu akiuza kama mfanyabiashara ndani ya Umoja wa Ulaya, una siku 14 za kubadili nia na kurudisha bidhaa hata kama umeinunua mnadani mtandaoni, kwa kuwa mnada wa namna hiyo hauhesabiwi kuwa mnada wa hadhara ambao watu wangeweza kuuhudhuria wenyewe. Muuzaji binafsi hafungwi na sheria hiyo. Kabla hujachagua njia ya kulipa, tazama amejisajili kama nani.

Nanga (Göteborg)

Niachieni mimi huyo wa Aarhus. Krona za Denmark hazipiti SEPA, na usawa wa ada unahusu hawala za yuro, kwa hiyo benki yako ya Leipzig itazituma kwa njia ya kawaida ya kimataifa, ikutoze ada yake, na benki ya muuzaji nayo inaweza kukata ya kwake, ukaja kuambiwa kwamba umepunguza malipo. Kwa kitu cha krona 450 ada hizo ni nzito mno. MobilePay, programu ya kulipa kwa simu ambayo Wadenmark wengi huitumia, haitakufaa kwa sababu inataka akaunti ya huko.

Zimebaki njia mbili za maana. Unaweza kumwomba akubali yuro kwa SEPA. Zitamfika kamili, lakini benki yake ndiyo itakayozigeuza kuwa krona kwa kiwango inachokipenda yenyewe, hivyo mkubaliane nani anabeba tofauti. Ama utumie kampuni kama Wise, ambayo wewe huitumia yuro kwa hawala ya kawaida, nayo humlipa muuzaji krona huku ikikuonyesha ada yake kabla hujathibitisha. Uzuri wa krona ya Denmark ni kwamba imefungamanishwa na yuro kwa karibu krona 7.46, kwa hiyo kumgundua anayekupunja ni rahisi: krona 450 ni kama yuro 60 na senti 30, na kila kinachozidi hapo ni ada, hata kama kimeandikwa kwa jina la kiwango cha kubadilishia fedha.

Hesabu hiyohiyo uifanye kwa zile pauni, ingawa pauni hupanda na kushuka. PayPal ikikugeuzia sarafu yenyewe, nyongeza yake hufikia asilimia 3 au 4, na asilimia 3 ya pauni 240 ni zaidi ya pauni 7. Katika ukurasa wa malipo unaweza kuchagua utozwe kwa sarafu ya muuzaji, kisha kadi yako ifanye ubadilishaji, kama masharti ya kadi hiyo ni nafuu zaidi.

Halafu kuna suala la kisheria ambalo halijatajwa. Ulaya ina utaratibu wa madai madogo ya kuvuka mpaka, hadi yuro 5,000, unaoweza kuuanzisha kwa fomu bila wakili. Denmark haimo katika utaratibu huo, na Uingereza imetoka. Kwa hiyo kati ya wauzaji wako watatu, ni yule wa yuro 38 peke yake unayeweza kumfikia kwa njia hiyo, na kwa hao wawili wengine kinga yako kubwa imo ndani ya njia ya malipo utakayoichagua.

Pwani_Moja (Lisbon)

Hakuna aliyetaja Western Union na MoneyGram, nami nataja ili zisitajwe tena. Zilitengenezwa kwa ajili ya kumtumia fedha mtu unayemjua, na mpokeaji akishachukua fedha taslimu dirishani hakuna dai. Mwaka 2017 Western Union ilikubali kulipa dola milioni 586 nchini Marekani kwa sababu ya kutowadhibiti matapeli waliokuwa wakiitumia. Muuzaji wa mnada anayeng'ang'ania njia hiyo, au anayekutumia kiungo cha kampuni ya kushikilia amana ambayo hujawahi kuisikia, mwache.

Bahasha_ya_Kale (Leipzig)

Nawashukuru sana. Wa Utrecht nimemlipa kwa hawala ya papo hapo, na jina lake limelingana. Wa Aarhus amesema krona kupitia Wise ni sawa kwake. Wa Uingereza nimemwandikia nikikataa punguzo lake na kuomba sharti la cheti. Amekubali malipo ya bidhaa na miezi mitatu ya kusubiri mtaalamu, lakini sasa anajitolea kuandika kwenye fomu ya forodha kwamba kifurushi ni zawadi ya pauni 20 ili nisilipe kodi. Je, hilo lina madhara katika malipo?

Kaskazi (Manchester)

Lina madhara makubwa. Kifurushi kikipotea, fidia ya posta hufuata thamani iliyoandikwa, na ukifungua dai la pauni 240 huku karatasi ya forodha ikisema zawadi ya pauni 20, umempa anayeamua sababu ya kukukatalia, achilia mbali kwamba ni udanganyifu mbele ya forodha. Isitoshe, faida yenyewe ni ndogo. Stempu za wakusanyaji zimo katika namba ya forodha 9704, ambayo Umoja wa Ulaya hauitozi ushuru, na Ujerumani huzitoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 7 badala ya 19. Mwambie aandike namba hiyo na bei halisi, aambatishe nakala ya matokeo ya mnada, na atume kwa posta ya rejista yenye namba ya kufuatilia, kwani PayPal humtaka muuzaji uthibitisho wa kufika na wewe utautaka pia. Kodi utailipa kifurushi kinapoingia nchini, pamoja na ada ya anayekisafirisha, kwa kuwa bei yake inazidi yuro 150 na hivyo haiwezi kukusanywa na tovuti wakati wa kununua.

Katika sehemu ya maelezo ya malipo yote matatu, andika namba ya bidhaa mnadani pamoja na jina unalolitumia kwenye tovuti, kwa sababu muuzaji mwenye wanunuzi wengi huona jina la akaunti yako tu, wala hajui wewe ndiye Bahasha_ya_Kale.