Hita ya gari inatoa hewa ya uvuguvugu tu, nianzie wapi?

Swali

Wakuu, habari. Hita ya gari langu imepoteza makali. Nikizungusha swichi hadi mwisho wa rangi nyekundu na feni nikaweka namba 4, hewa inatoka kwa nguvu lakini ni ya uvuguvugu, haitoshi hata kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Gari likitembea joto linaongezeka kidogo. Likisimama kwenye foleni injini ikinguruma tu, hewa inapoa ndani ya dakika mbili hivi. Sindano ya joto kwenye dashibodi inakaa katikati kama kawaida, na hakuna taa iliyowaka. Injini ni ya petroli, silinda 4. Wiki tatu zilizopita hosi ya chini ya rejeta ilibadilishwa na kulanti mpya (maji ya kupozea injini) ikajazwa. Nimeambiwa rejeta ya hita, ile ndogo iliyo ndani ya dashibodi inayopasha hewa, imeziba, kwa hiyo dashibodi yote ishushwe. Kabla sijakubali kazi kubwa namna hiyo, nipime nini?

Jibu la 1

Mkuu, dashibodi iache kwanza. Joto linaloongezeka ukikanyaga mafuta na kupotea injini ikipunguza mzunguko maana yake kulanti haipiti ya kutosha ndani ya rejeta ya hita. Kuziba ni sababu mojawapo tu. Kuna kulanti pungufu, kuna hewa iliyonaswa, na kuna pampu ya maji ambayo mapanga yake yamelika. Kwa kuwa mfumo ulifunguliwa juzijuzi, mimi ningeanza na hewa. Kwenye magari mengi rejeta ya hita imekaa juu kuliko sehemu kubwa ya mfumo, na hewa hukimbilia juu. Pampu ikizunguka polepole haina nguvu ya kuisukuma itoke.

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta yenyewe kama gari lako linacho. Usiridhike na tangi la akiba: mpira wa kifuniko ukichoka, rejeta haivuti tena kulanti kutoka kwenye tangi, na unaweza kukuta tangi limejaa huku rejeta ina pengo. Kulanti inatakiwa ifike shingoni. Injini ikiwa ya moto usikiguse kifuniko hicho, kitakurushia maji ya moto usoni.

Ukishajaza, washa gari, weka hita mwisho, subiri injini ipate moto, halafu shika hosi mbili nyembamba zinazoingia kwenye ukuta unaotenga injini na ndani ya gari. Angalia mikono na nguo zisiwe karibu na mkanda, na kumbuka feni ya umeme huanza bila taarifa. Zote mbili zikiwa za moto kiasi cha kutoshikika, kulanti inapita vizuri na tatizo liko ndani, kwenye mlango mdogo unaochanganya hewa baridi na ya moto. Moja ikiunguza na ya pili ikiwa vuguvugu, njia imebanwa. Zote mbili zikiwa vuguvugu, ama injini yenyewe haipati moto, ama kulanti haifiki kwenye hita.

Jibu la 2

Niongezee kuhusu themostati, yaani vali inayofungua njia ya kulanti kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, kwa sababu ndiyo watu hukimbilia kununua. Iliyokwama wazi huonyesha kinyume cha dalili zako: gari likienda kasi, upepo unapooza rejeta kupita kiasi na hita inakuwa baridi zaidi, likisimama, joto linarudi. Lako linapata joto likitembea. Kwa hiyo themostati siishuku sana, lakini kuipima hakuna gharama.

Sindano usiiamini. Kwenye magari mengi ya sasa imepangwa itulie katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi. Chomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari utazame namba halisi. Themostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 90 za Selsiasi, na namba yake imegongwa kwenye chuma chake. Ukiendesha dakika 15 na kompyuta bado inasoma 65 au 70, hiyo imekwama wazi. Mara nyingi utakuta na kodi ya hitilafu P0128, yaani injini haifikii joto lake. Ikisoma 85 na kuendelea na hewa bado ni vuguvugu, achana na themostati kabisa.

Muuliza swali

Asanteni sana. Nimefuata hatua zote. Kulanti ilikuwa haionekani shingoni, nimeongeza lita 1 na robo. Kompyuta inasoma 88. Gari likisimama hewa haipoi tena kama mwanzo, ila bado si moto wa kutosha. Kwa kipimajoto cha kuelekeza, hosi moja ya hita inasoma 82, ya pili 51.

Jibu la 3

Lita 1 na robo ni pengo kubwa, kwa hiyo hewa ilikuwepo. Tofauti ya nyuzi 31 kati ya hosi mbili bado ni kubwa mno. Hita nzuri, feni ikiwa ya wastani, huonyesha tofauti ya 10 hadi 15 hivi. Hakikisha umepima juu ya mpira wa hosi zote mbili, si kwenye bomba la chuma linalong'aa. Chuma kinachong'aa kinadanganya kipimajoto cha aina hiyo na kusoma chini. Bandika kipande cha tepu nyeusi kama ni lazima upime hapo.

Toa hewa upya kabla ya kuituhumu rejeta ya hita. Injini baridi, paki pua ya gari ikiwa juu ili shingo ya rejeta iwe ndiyo kilele. Weka faneli inayobana vizuri shingoni, hita mwisho, feni namba 1. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa karibu na themostati au kwenye hosi ya hita, ifungue mpaka kulanti itoke bila mapovu, kisha ifunge. Washa injini, iache ingurume, na uwe unabinya hosi ya juu ya rejeta taratibu huku ukiongeza kulanti kiwango kikishuka. Subiri feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili. Mapovu yanayokoma ni hewa ya kawaida. Mapovu yasiyokoma hata baada ya nusu saa, hasa kulanti ikiendelea kupungua bila kuvuja nje, yanaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya bloku ya injini na kichwa chake), na hapo hita si shida yako kubwa tena.

Kama tofauti itabaki ileile, angalia vali ya hita, inayofungua na kufunga njia ya kulanti kwenda kwenye hita, ikiwa gari lako linayo. Kebo yake ikilegea vali haifunguki yote. Baada ya hapo ndipo usafishe rejeta ya hita, na hiyo kazi haihitaji kushusha dashibodi. Injini ikiwa baridi, chomoa hosi zote mbili ukutani kwa kuzizungusha kwanza, usivute kwa nguvu, maana vibomba vya pale ni laini na vikipinda ndipo dashibodi itakaposhuka kweli. Unga mpira wa maji kwenye kibomba cha KUTOKEA, ili uchafu urudi ulikotoka. Fungulia maji kidogo tu, kwa sababu kuta za hiyo rejeta ni nyembamba na presha ya bomba inaweza kuzipasua. Yakitoka ya kutu au matope, endelea, geuza upande, rudia mpaka yawe meupe. Puliza yaliyobaki yatoke, la sivyo yatazimua kulanti yako. Jaza nusu kulanti ya aina ileile iliyomo, nusu maji yaliyochujwa kwa mvuke. Aina zisizopatana zikichanganywa hufanya ute mzito, na njia nyembamba za hita ndizo huziba mwanzo.

Dawa za kuziba uvujaji usitie kabisa, zinaziba na hita vilevile. Weka alama kwenye tangi, tazama tena baada ya siku mbili injini ikiwa baridi. Ikishuka, ile hosi mpya na klipu zake ndiyo sehemu ya kwanza kumulika tochi.