Naomba ushauri: data kidogo, salamu nyingi na mnara

Wakuu habari zenu, nimekwama naombeni msaada. Nina sensa 40 za kupima kina cha maji kwenye matanki, kila moja ina modemu ya NB-IoT (mtandao wa simu wa vifaa vyenye data kidogo) na inatuma baiti 24 tu kila dakika 10, sasa hizo baiti 24 zinachukua sekunde 8 mpaka 11 kufika kwenye seva. Nimefungua logi ya modemu nikaona muda mwingi unaliwa na kuomba nafasi kwa mnara na kufungua muunganisho, halafu TLS (ya kusimba data) na MQTT (ya kupeleka ujumbe kwenye seva) nazo zinaanza kusalimiana upya, yani hodi nyiiingi neno moja.

Nimejaribu kukusanya vipimo 6 nitume kwa mkupuo, salamu na mnara zimepungua kweli ila tanki likifurika naweza kujua saa nzima baadaye, haina maana. PSM (modemu kulala ili kuokoa betri) nimewasha, betri afadhali, kuchelewa kuko palepale.

Nikihamia CoAP juu ya UDP (njia nyepesi, UDP haifungui muunganisho kwanza) nitaokoa muda wa kuonekana, au tatizo kubwa liko upande wa mnara? Na aliyewahi kutumia EDT (kutuma data mapema) ya Toleo la 15 la 3GPP, wale wanaoweka viwango vya mitandao ya simu, ile inayopenyeza data kwenye ujumbe wa 3 wa kuomba nafasi kwa mnara kabla muunganisho haujakamilika, ulijuaje kama mtandao wako unaikubali?