4294967297 si namba tasa, mbona inapita jaribio la Fermat?

kipeo32:
Wakuu, N = 4294967297, yaani 2^32 + 1. Nikichukua 2^(N−1) na kugawa kwa N, baki ni 1, kana kwamba N ni tasa. Jaribio linakwama wapi? Na vigawo vyake vinapatikanaje kwa mkono, bila kupitia tasa zote 6542 zilizo chini ya 65536?

Baki_Moja:
Msingi 2 (namba unayoipandisha kwa kipeo) haufai kabisa kwa namba za umbo hili. 2^32 inabakiza −1 (yaani imepungua 1 tu kugawanyika kwa N), hivyo 2^64 inabakiza 1. Sasa N−1 ni 2^32, na 64 inaigawa bila baki, basi 2^(N−1) itatoa 1 tu, N iwe tasa isiwe. Namba zote za Fermat, yaani 2^(2^n) + 1, hupita hapo.

Tumia msingi 3, jaribio la Pépin (1877). Anza na 3, izidishe kwa yenyewe, chukua baki, rudia hadi mara 31. Ingekuwa tasa ungepata N−1. Unapata 10324303. Imeanguka.

mwl_tarakimu:
Pépin anakuambia si tasa lakini hakupi kigawo. Kwa hilo mfuate mwanahisabati Euler (1732), ukiongeza alichokaza mwenzake Lucas baadaye: kila kigawo tasa cha N hii kina umbo la 128k + 1, k ikiwa namba kamili. Orodha inaanza 129, 257, 385, 513, 641. 129 na 513 zinagawanyika kwa 3, 385 kwa 5; zitupe. 257 inabakiza 2. 641 inaingia kamili:

4294967297 = 641 × 6700417

Wengi huishia hapo, ilhali bado hujaonyesha kwamba 6700417 ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2589, na tasa za umbo lile zilizosalia ni 641, 769, 1153 na 1409 tu. Baki zake: 44, 120, 334, 622. Ni tasa.

Baki_Moja:
Ya 641 hata kugawa hakuhitajiki. 641 = 5·2^7 + 1, hivyo 5·2^7 inabakiza −1; ipandishe kwa kipeo cha 4, 5^4·2^28 inabakiza 1. Tena 641 = 5^4 + 2^4, basi weka −2^4 mahali pa 5^4: −2^32 inabakiza 1, yaani 2^32 + 1 inabakiza 0. Kwisha.

kipeo32:
Safi sana. Ila programu yangu ya Pépin inatoa 0 kila hatua.

mwl_tarakimu:
N umeiweka kwenye biti 32. Haienei, inageuka 1, na ukigawa chochote kwa 1 baki ni 0. Tumia biti 64 zisizo na alama ya hasi. Zenye alama zitakuletea namba hasi katikati ya hesabu. Mtego mmoja unabaki: baki ikiwa N−1 yenyewe, mraba wake ni 2^64, nao unamwagika kuwa 0. Excel iache, inashika tarakimu 15 na hapa zinafika 20. Kwenye Python andika pow(3, 2**31, N), basi.