Tupeane uzoefu: unamfundishaje mtoto mdogo nyumbani kwa kutumia mazingira? (Arusha na Moshi)

MamaKibosho (mleta mada)
Habari za jioni wadau. Nawaita wazazi na walezi wenye watoto wa miaka 3 hadi 6 ambao bado wako nyumbani, au wanasoma nusu siku na mchana wanashinda nasi. Tumezungukwa na migomba, kahawa, mifereji na mlima, halafu mtoto anakaa ndani na katuni kutwa nzima. Inaniuma. Kila mmoja aseme anachofanya kweli nyumbani kwake, nadharia tuziache.

Naanza mimi. Binti yangu ana miaka 4 na hesabu anajifunzia kwenye mkungu wa ndizi. Baba yake akishusha mkungu tunakaa chini, tunahesabu vichane kuanzia juu, kisha anachagua kichane kimoja anahesabu ndizi zake moja moja. Vya juu vina ndizi nyingi tena nene, vya chini vinapungua. Hilo aliliona mwenyewe, akaniuliza mbona za chini ni watoto. Baadaye tunagawa: hizi za kupika, hizi za kuivisha, hizi za jirani. Kujumlisha na kutoa vimeingia bila daftari.

BabaMapacha_Sakina
Asante dada kwa mada. Mimi nimepanga hapa Sakina, uwanja wote ni saruji, kwa hiyo asidhani mtu kwamba lazima uwe na kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa la nyumbani. Tulikata madumu ya lita 5, tukayatoboa chini, tukajaza udongo na samadi, kila pacha akapanda maharage yake. Haragwe jingine nililibana kwenye ukuta wa glasi kwa pamba iliyoloweshwa, waone mambo yanayofanyika udongoni. Mzizi ndio unatangulia. Walipouona umeanza kushuka wakaigeuza glasi juu chini, na baada ya siku mbili ncha ya mzizi ilikuwa imepinda, inatafuta chini tena. Walinishika mikono wote wawili kunivuta nikaone.

Kingine ni kivuli. Asubuhi tunachora kivuli cha mtoto kwa chaki, saa sita tena, saa kumi tena. Juni jua letu linapita upande wa kaskazini, kivuli cha saa sita kinaangukia kusini. Desemba kinageukia upande wa Mlima Meru. Kaskazini wanaijua kwa kuitazama.

BibiWaMarangu
Hamjambo wanangu. Nalea wajukuu wawili, wazazi wao wako Dar. Asubuhi kabla mawingu hayajafunika tunatoka kuutazama Mlima Kilimanjaro, wenye vilele vya Kibo na Mawenzi. Nawauliza, leo Kibo ana theluji kuliko jana au imepungua? Wanachora kwa mkaa kwenye kipande cha boksi. Nawapa na hadithi ya wazee wetu: Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, mpaka Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi, ndiyo maana kichwa chake kimechongoka vile. Halafu nawaambia na ya pili, kwamba wote wawili ni volkano, ila Mawenzi alizimika zamani zaidi, mvua na barafu vikamla. Wanazibeba zote mbili vizuri tu.

Na msiwafundishe watoto kuua kinyonga. Tukimkuta kwenye kahawa tunakaa mbali kidogo, tunamtazama. Jicho moja linaangalia mbele, jingine nyuma. Vidole vimegawanyika mafungu mawili, vinashika tawi kama koleo. Mjukuu wa miaka 5 alikaa kimya muda mrefu kuliko anavyokaa kanisani.

Mdau_Njiro
Nauliza kwa nia njema. Wangu mwakani anaanza darasa la kwanza, na shule tuliyomwombea wanafanya usaili: asome silabi, aandike jina. Vinyonga vitamsaidia nini pale?

MwalimuWaAwali_Tengeru
Mkuu, swali lako ni la msingi, wazazi wengi wananiuliza hilohilo. Vidole vinavyofinyanga udongo na kuchambua maharage ndivyo vitakavyoshika penseli. Mpange aandike jina lake kwa punje za mahindi chini, ajaribu kwa kijiti kwenye vumbi, karatasi ije baadaye. Silabi mtoe kwenye vitu alivyovishika: ki-nyo-nga, m-go-mba, ma-ja-ni, apige kofi kwa kila moja. Wala si jambo geni. Friedrich Fröbel alifungua shule yake ya watoto wadogo Ujerumani mwaka 1837, na bustani ilikuwa sehemu ya masomo.

Kinachoharibu ni haraka yetu. Mtoto akiuliza, tunamwaga jibu. Mrudishie: wewe unaonaje? Kisha nyamaza, msubiri.

Ila usalama jamani. Fensi nyingi huku ni minyaa, na utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kuleta madhara makubwa. Osha kwa maji mengi yanayotiririka, kisha hospitali moja kwa moja. Upupu wafundisheni waujue kwa sura. Uyoga wa porini wasiguse. Na mferejini au ziwani Duluti mtoto mdogo haachwi peke yake hata kidogo.

Mdau_Njiro
Nimekuelewa mwalimu. Leo jioni naanza na mahindi.

MamaKibosho
Bibi shikamoo, na mwalimu asante sana. Sasa, wengi wetu tunatoka kazini usiku umeingia, mtoto anashinda na dada wa kazi. Nani amefanikiwa kumshirikisha?

BabaMapacha_Sakina
Sisi tunampa kazi moja tu kwa siku, nyepesi: leo leteni majani ya aina tano, kesho mpimeni nani mrefu, mche au kikombe. Jioni watoto wananieleza, na dada naye namuuliza aliona nini. Siku hizi anawatafutia mwenyewe. Juzi mvua zilipoanza aliwatoa nje kuwaona kumbikumbi wakitoka shimoni, akawaokotea mbawa zilizodondoka, tukazipanga mezani kwa ukubwa.