Tiki moja si habari mbaya
Kikundi: Familia za Walinda Amani

Mama Junior: [Ujumbe huu umefutwa]

Bi Mwanaidi: Asante kwa kuufuta haraka, mwanangu. Tarehe ya kuondoka, kikosi na mji anaokwenda haviandikwi humu, ingawa sote ni ndugu. Simu ya mmoja wetu ikiibiwa, mwizi anasoma yote. Andika tu kwamba anakwenda Kongo, inatosha.

Mama Junior: Shikamoo mama, nimeelewa. Mume wangu anakwenda Kongo. Naomba mnielekeze tujiandae vipi tusije tukapoteana.

Bi Mwanaidi: Marahaba, karibu sana. Rehema, anza na mambo ya laini.

Da Rehema: Karibu mdogo wangu. Laini yake ya Tanzania ibaki nyumbani kwenye kitochi. Akifika atapata laini ya kule, namba zao zinaanza na +243. WhatsApp itaendelea kwa namba yake ya zamani hata kama laini haimo kwenye simu, mradi asiifute programu wala kubadili simu.
Tatizo linakuja simu ikifa au akiifuta programu. WhatsApp itadai msimbo, na msimbo unakuja kwa SMS kwenye ile laini ya Tanzania. Kwa hiyo kitochi kiwe na chaji na laini itumike kidogo kila mwezi, hata kwa vocha ndogo na simu moja. Laini ikikaa kimya muda mrefu hufungwa. Msimbo ukija, msomee yeye mwenyewe akikupigia na ukiisikia sauti yake. Anayeuomba kwa maandishi usimpe, hata akiwa na picha ya mumeo kwenye wasifu.

Da Rehema: Na kabla hajaondoka aweke uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ya WhatsApp. Ni tarakimu 6, na aongeze barua pepe anayoweza kuifungua. Akizisahau tarakimu na barua pepe hakuweka, WhatsApp itamsubirisha siku 7.

Mama Junior: Asante dada. Nilitaka tupange tuwe tunapigiana kila siku saa mbili usiku.

Bi Mwanaidi: Saa mbili yetu, mashariki ya Kongo ni saa moja. Walioko Jamhuri ya Afrika ya Kati wako nyuma yetu kwa saa mbili. Lakini usipange saa, mwanangu. Panga ukimya.

Mama Junior: Ukimya kivipi mama?

Bi Mwanaidi: Ukipanga saa mbili, ikifika saa mbili na nusu hajapiga tayari tumbo linakuuma, na mama mkwe anakupigia kuuliza. Kumbe yuko doria, au kambi ndogo haina mtandao, au mnara umezimika kwa kukosa mafuta ya jenereta. Akae na wewe na wazazi wake kabla hajaondoka, aseme kwa mdomo wake: "Nikikaa siku kadhaa bila kusikika, ni kazi." Siku hizo azitaje kwa idadi, na aiongeze. Akidhani ni 5, aseme 10. Muafikiane pia nani ataanza kuulizia siku zikipita, na ataulizia wapi. Awe mtu mmoja tu. Ndugu sita wakipiga kwa watu sita tofauti, kinachozaliwa ni uvumi.

Kaka Elia: Naongeza la tiki, maana hapa ndipo wengi wanaumia. Tiki moja maana yake ujumbe haujafika kwenye simu yake, basi. Haisemi chochote kuhusu mtu. Ujumbe usiofika, WhatsApp huushikilia siku 30, halafu unafutwa huko huko kwenye seva. Kwa hiyo ukimya ukipita mwezi, mambo muhimu yatume upya akirudi hewani, usidhani ameyasoma.
Zimeni na ule mpangilio wa ujumbe unaojifuta. Ukiwa wa saa 24, mtu anayepata mtandao siku ya tatu hakuti kitu.

Shemeji Bakari: Hilo la kujifuta limegombanisha nyumba nyingi. Mke anaona kamwandikia, mume hakuona hata herufi moja.

Da Rehema: Ndiyo maana tunasisitiza namba. Kila ujumbe wa sauti uanze hivi: "Wa 14, Jumanne." Akisikia wa 14 kisha wa 16, anajua wa 15 haukufika, anauomba. Usizidi dakika mbili. Sauti ya dakika moja haifiki MB moja, lakini simu ya video inakula MB kadhaa kwa dakika, na ikikatikakatika mnaishia kusema "hallo, hallo" mpaka bando linaisha.
Jambo linalotaka jibu liandike kwa maneno, peke yake, mstari mmoja: "Nahitaji jibu: ada nilipe yote au nusu?" Maandishi hupenya hata mtandao ukiwa dhaifu kabisa. Ukilificha katikati ya sauti ya dakika nane, utajibiwa kuhusu mvua.

Shangazi Tatu: Mama Junior, na maswali ya kuuliza yana mipaka. Usimuulize yuko wapi, wako wangapi, wanatoka lini, helikopta inakuja lini, likizo ni tarehe gani. Unamtia kwenye mtihani wa kukudanganya au kuvunja amri. Muulize amelalaje, amekula nini, ule mgongo unaendeleaje. Msibuni na mafumbo ya "mbuzi wamehamia zizi jingine". Hayo hata mtoto anayafumbua.
Picha akikutumia ni yako. Usiiweke stetasi. WhatsApp huondoa taarifa za mahali kwenye picha ya kawaida, lakini ikitumwa kama faili zinabaki. Na hata zikiondolewa, ukuta, mnara wa lindo na namba ya gari nyuma yake vinaonekana.

Mama Junior: Je, tukisikia kuna shambulio?

Bi Mwanaidi: Tuliomo humu tunaikumbuka Semuliki, kambi ya mashariki ya Kongo iliyoshambuliwa Desemba 7, 2017. Umoja wa Mataifa ulitangaza walinda amani 14 wa Tanzania wameuawa. Idadi bila majina ni mateso kwa kila nyumba yenye askari kule. Siku kama hiyo humu hakuandikwi jina lolote, wala "nasikia", wala picha ya mtandaoni. Ndugu hapaswi kuletewa msiba na kikundi.

Shemeji Bakari: Na mtandao ukizimika ghafla baada ya tukio, unaweza kuwa umezimwa makusudi. Jeshi la Uingereza lina utaratibu huo, wanauita Operation Minimise: askari akiuawa au kuumia vibaya, simu na intaneti za kambini hufungwa mpaka familia yake ijulishwe kwanza.

Bi Mwanaidi: Kwa hiyo mkague fomu yake ya ndugu wa karibu. Namba zako mbili, kata, mtaa, jina la mjumbe. Ukihama nyumba, taarifa ipelekwe kikosini wiki hiyo hiyo.

Shangazi Tatu: Matapeli pia wanasubiri siku hizo. "Mumeo kaumia, tuma laki tano apandishwe ndege." Askari wa Umoja wa Mataifa hutibiwa na kusafirishwa bila familia kutoa hata shilingi. Anayeomba hela ni mwizi. Kata simu, piga kikosini.

Mama Junior: Mungu awabariki. Junior ana miaka mitatu, simu haimudu, anakimbia.

Da Rehema: Mrekodi baba yake sasa, kabla ya safari. Hadithi fupi za dakika mbili tatu, wimbo wa kumlaza, kumwita jina. Ziwe 20 hivi, uzihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu pia. Mtoto wa umri huo anataka sauti ile ile kila usiku, na hiyo haitegemei mnara.

Mama Junior: Pawabenki nimnunulie ya ukubwa gani?

Kaka Elia: mAh 20,000. Hiyo ni kama Wh 74, kipimo cha nishati ya betri, na ndege nyingi mwisho ni Wh 100. Kwa simu ya mAh 5,000 itajaza mara 2 hadi 3, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea njiani. Aibebe kwenye begi la mkononi, kwenye mzigo wa chini wataitoa. Na waya awe nazo mbili, waya ndiyo huanza kufa.